Mtunzi Asiyeimba: Mwenye Maneno na Mwenye Sauti katika Wimbo wa Kiswahili

1. Utangulizi

Mjini Mombasa jina la Bhalo ni la watu wawili. Wa kwanza ni Ahmad Nassir Juma Bhalo, malenga aliyezaliwa mwaka 1936, ambaye diwani yake, Malenga wa Mvita, ilihaririwa na Shihabuddin Chiraghdin na kutolewa na Oxford University Press mwaka 1971. Wa pili ni binamu yake, Mohamed Khamis Juma Bhalo (1942–2014), mwimbaji wa taarabu ambaye wapenzi wake walizoea kumwita Profesa. Katika nyimbo alizoziimba huyu wa pili zimo zilizotungwa na yule wa kwanza. Kwa hiyo mtu asikiaye sauti katika redio na kusema, "Huo ni wimbo wa Bhalo," huenda akawa amesema kweli mara mbili bila ya kujua. Sauti ni ya Bhalo, na maneno ni ya Bhalo. Lakini Bhalo hawa si mmoja.

Jambo hili laweza kuonekana kuwa ni sadfa ya majina tu. Hata hivyo, limebeba swali ambalo uhakiki wa fasihi ya Kiswahili haujalipa uzito unaolistahili. Wimbo ukitungwa na mtu asiyeimba, ukaimbwa na mtu asiyetunga, na ukapigiwa ala na watu ambao si huyu wala yule, ni nani anayesema ndani yake? Swali hilo huwa kubwa zaidi pale ambapo mtunzi wa aina hiyo anaamua kutoa albamu nzima ya nyimbo zake, akawaalika waimbaji na wapigaji mbalimbali wazirekodi, na sauti yake mwenyewe isisikike hata mara moja. Je, hiyo ni albamu ya nani?

Makala haya yanakusudia kulieleza swali hilo kwa kuanzia Kangundo, katika Machakos, na kuishia pwani. Kangundo imechaguliwa kwa sababu hapo zinakutana njia kadhaa za kuupata wimbo, na kila njia humfundisha msikilizaji kumfikiria mtunzi kwa namna yake. Pwani nayo imechaguliwa kwa kuwa ndiko ambako kazi ya mwenye maneno na kazi ya mwenye sauti zimetenganishwa kwa muda mrefu na kwa utaratibu unaojulikana. Hoja itakayojengwa ni kwamba sarufi ya Kiswahili hurahisisha sana wimbo kuazimwa kutoka mdomo hadi mdomo, na kwamba urahisi huo huo ndio unaomficha aliyeuazimisha.

Istilahi zitakazotumiwa ni za kawaida. Mtunzi wa maneno ni yule aliyetunga shairi la wimbo. Mtunzi wa lahani ni yule aliyelipatia shairi hilo sauti ya kuimbiwa. Mwimbaji ni yule anayesikika akiimba, na wapigaji ni wale wanaopiga ala. Mtu mmoja aweza kuwa na kazi hizi zote, na kila kazi yaweza kuwa ya mtu wake.

2. Kangundo: njia tatu za kuupata wimbo

Kangundo iko mashariki ya Nairobi, mbele ya Tala, katika nchi ya vilima ambayo mlima wa Kilimambogo huonekana kwa mbali. Wenyeji wake wengi ni Wakamba, na kwao wimbo huitwa wathi.

Njia ya kwanza ya kuupata wimbo ni ile ya ngui. Ngui ni mtunzi na kiongozi wa wimbo kwa pamoja. Yeye hutunga, huanzisha, na wenzake humwitikia. Iwe ni katika ngoma, iwe ni katika kazi ya ushirika iitwayo mwethya, ngui yuko katikati ya watu na anaonekana kwa macho. Akisifu, anajulikana aliyesifu. Akikashifu, anajulikana wa kuulizwa. Katika Kiswahili neno lililo karibu na ngui ni manju, yaani yule bingwa wa kutunga nyimbo za ngoma na kuziongoza. Kwa ngui, swali la makala haya halizuki kabisa, kwa kuwa mwenye maneno na mwenye sauti ni mtu mmoja, na mtu huyo yuko mbele yako.

Njia ya pili ni ya kanisani. Wamisionari wa Africa Inland Mission waliweka kituo Kangundo mwishoni mwa karne ya 19, na tangu wakati huo vizazi vya watu vimeimba nyimbo zilizotungwa mbali, zikafasiriwa kwa Kikamba au kwa Kiswahili, na kutiwa vitabuni. Mfano ulio wazi ni wa Mmarekani Fanny Crosby (1820–1915), kipofu ambaye alitunga maneno ya maelfu ya nyimbo za dini, akawa anayatunga kichwani na kuwasomea wengine wayaandike. Mara nyingi lahani zilikuwa za watu wengine, na waimbaji ni ulimwengu mzima. Nyimbo zake kadhaa zimo katika vitabu vya nyimbo vya Kiswahili. Muumini wa Kangundo aziimbapo hajiulizi kama aliyezitunga alikuwa mume au mke, wala kama alikuwa hai au maiti. Hapa mtunzi asiyeimba yupo, na kazi yake imeenea, lakini hafikiriwi. "Mimi" ya wimbo ni ya kila anayeimba.

Njia ya tatu ni ya santuri. Benga iliyoanzia kwa Wajaluo ilienea hata Ukambani, na katika miaka ya 1970 bendi za Kikamba zilikuwa zikirekodi santuri ndogo kwa wingi mjini Nairobi. Aliyejulikana sana kutoka pande hizo ni Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka 1987, ambaye bendi yake ya Kilimambogo Brothers ilibeba jina la mlima wa kwao. Yeye aliimba kwa Kikamba na pia kwa Kiswahili, na kwa njia hiyo alisikika hata nje ya Ukambani. Katika benga si ajabu mwimbaji kujitaja, kuwataja wapigaji wake, na kupataja nyumbani kwao ndani ya wimbo. Kwa msikilizaji, basi, kiongozi wa bendi ni ngui aliyeingia katika santuri. Mazoea yale yale ya ngomani yakahamia katika mashine, yaani anayesikika akisema "mimi" ndiye mwenyewe.

Kutokana na njia hizi tatu, msikilizaji wa Kangundo amezoezwa mambo mawili yasiyofanana. Katika ngoma na benga, amezoea kumwona mtunzi katika mwimbaji. Katika wimbo wa dini, amezoea kutomwona mtunzi popote. Sasa na atokee mtunzi wa nyimbo za Kiswahili asiyeimba, awakusanye waimbaji wanane wamwimbie nyimbo nane. Msikilizaji huyo atamweka wapi? Ama ataziona nyimbo hizo kuwa ni za waimbaji wanane, kama azionavyo za benga, ama ataziona kuwa hazina mwenyewe, kama za kitabu cha kanisa. Hana nafasi ya tatu ya kumweka mtu aliye hai, anayejulikana, ambaye maneno ni yake na sauti si yake. Nafasi hiyo ya tatu iko pwani.

3. Pwani: mtunzi asiyesikika lakini anajulikana

Katika vyama vya taarabu vya Unguja, kama vile Nadi Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905 na Culture Musical Club kilichoanza mwaka 1958, umekuwapo mgawanyo wa kazi ulio wazi. Mmoja huleta shairi. Mwingine hulitilia lahani. Kisha huchaguliwa mwimbaji ambaye sauti yake inaelekeana na wimbo, naye hufunzwa mpaka auweze, na wapigaji hufanya mazoezi pamoja naye. Aliyeleta shairi aweza kuwa hajui kupiga ala yoyote, na siku ya onyesho akawa ameketi pamoja na watazamaji. Hata hivyo wenye chama wanajua kuwa shairi ni lake.

Mgawanyo huu haukuzuka Unguja peke yake. Mjini Cairo, ambako taarabu ya Unguja ilichota mengi, mshairi Ahmad Rami aliandika maneno ya nyimbo nyingi zilizoimbwa na Umm Kulthum, na Riyad al-Sunbati ni mmoja wa waliozitungia lahani nyimbo za mwimbaji huyo. Wasikilizaji wa Kiarabu walizoea kuyataja majina matatu kwa wimbo mmoja, na hakuna aliyeona kuwa Umm Kulthum amepunguziwa hadhi kwa kutajwa pamoja na mshairi.

Pamoja na hayo, hata pwani mazoea hayo hayakuwa na nguvu sawa nyakati zote. Siti binti Saad alikuwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Kiswahili kurekodiwa katika santuri, alipokwenda Bombay mwaka 1928. Nyimbo za kundi lake zilitungwa pamoja na wenzake waliokuwa wakipiga ala, na baadhi yao walikuwa watunzi hodari. Hata hivyo zilizobaki katika kumbukumbu ya watu ni "nyimbo za Siti". Santuri ilisafiri mbali kuliko mkutano wa kundi, na popote ilipofika ilibeba sauti na jina la mwenye sauti. Yale yaliyojulikana katika baraza za Unguja hayakuweza kusafiri nayo.

Hapo ndipo inapoonekana tofauti kati ya diwani na santuri. Diwani ya Ahmad Nassir humweka mtunzi juu ya jalada. Shairi lile lile likitiwa katika santuri, aliye juu ya jalada ni mwimbaji. Maneno hayakubadilika hata herufi moja, bali mwenyewe amebadilika machoni pa watu kwa sababu chombo kimebadilika.

4. "Mimi" ya nani?

Kwa nini ni rahisi kiasi hicho mwimbaji kuuchukua wimbo ukawa kana kwamba umetoka kifuani mwake? Sehemu ya jibu imo katika sarufi.

Viambishi vya nafsi katika Kiswahili havitofautishi mume na mke. "Nilikupenda" ni neno lile lile akilisema Juma kumwambia Asha, au Asha kumwambia Juma. "Amenitupa" haituambii aliyetupa ni nani wala aliyetupwa ni nani. Mtunzi wa Kiarabu anapomsemesha mpenzi hana budi kuchagua kama anamsemesha kwa viambishi vya kiume au vya kike. Mtunzi wa Kiswahili hakabiliwi na uchaguzi huo, na mwenzake wa Kikamba naye hakabiliwi nao. Ni nomino chache tu, kama vile mume, mke, bwana na bibi, ndizo zinazoweza kumfunga mwimbaji, na mtunzi stadi huzikwepa. Kwa hiyo mwanamume wa makamo aweza kutunga shairi leo, na kesho likaimbwa na msichana, na msikilizaji asione mahali liliposhonwa.

Juu ya sarufi hiyo huja mafumbo. Katika taarabu anayesemwa mara nyingi si mtu bali ni ua, au njiwa, au pete, au chombo kilichoacha bandari. Fumbo humwondoa mhusika mahsusi, na badala yake huacha nafasi ambayo kila mwenye hali kama hiyo aweza kuiingia. Ndiyo maana katika maonyesho ya taarabu mtazamaji husimama na kwenda kumtunza mwimbaji pale ubeti unapomgusa, kwa kuwa amelichukua neno na kulielekeza anakotaka yeye. Kwa wakati huo "mimi" ya wimbo si ya mtunzi, wala si ya mwimbaji, bali ni ya aliyesimama.

Yafaa kusisitizwa kwamba jambo hili ni nguvu ya lugha, si dosari. Wimbo usioweza kuingia katika kinywa cha mwingine ni barua tu. Lakini nguvu hiyo ina gharama yake. Kwa kuwa hakuna alama yoyote ya kisarufi inayobaki kumwonyesha aliyetunga, msikilizaji humkabidhi mwimbaji nafsi nzima ya wimbo. Mhakiki asiyeangalia hufanya kosa hilo hilo. Hueleza maisha ya mwimbaji, akayalinganisha na maneno ya wimbo, na akatoa hukumu juu ya huzuni na mapenzi ya mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuimba tu.

Kuna mashairi ambayo kosa hili huyadhuru zaidi. Abdilatif Abdalla aliyatunga mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973) akiwa kifungoni, alikotiwa kati ya mwaka 1969 na 1972 kwa sababu ya waraka wake wa Kenya: Twendapi? Katika mashairi hayo "mimi" si nafasi iliyoachwa wazi, bali ni ushahidi. Mwimbaji aliye huru akiliimba mojawapo, na jina la mtunzi likaachwa, maneno yatabaki mazuri, mizani itabaki kamili, lakini ushahidi utakuwa umepotea. Msikilizaji atadhani anasikia malalamiko ya mapenzi au ya umaskini wa kawaida. Kwa hiyo kumtaja mtunzi si adabu peke yake, bali wakati mwingine ni sehemu ya maana.

5. Vina, mkazo na mdomo wa mgeni

Mtunzi anayeimba aweza kulirekebisha neno lake papo hapo. Mtunzi asiyeimba hana nafasi hiyo. Maneno yake yatapita katika mdomo wa mgeni, na mdomo huo una lugha yake ya kwanza, lahaja yake na mazoea yake. Matatizo matatu hujitokeza mara kwa mara.

La kwanza ni la lahaja. Chukua mshororo huu, uliotungwa kwa ajili ya mfano tu: "Sioni kwa yangu mato, penzi limenipa moto." Una mizani kumi na sita, na vina vyake ni -to na -to. Umetungwa kwa kufuata matamshi ya lahaja za kaskazini, ambako macho ni mato. Mwimbaji wa bara aliyesomeshwa Kiswahili sanifu akisema "macho" kwa kutaka kueleweka, mizani itabaki salama lakini kina cha kati kitavunjika, kwa sababu hakuna njia ya kuufanya moto uwe mocho. Mtunzi aliyeko studio atamsahihisha. Mtunzi ambaye hakuitwa studio atausikia wimbo wake redioni ukiwa umevunjika, na watakaolaumiwa kwa kutojua vina si waimbaji bali ni yeye, ikiwa jina lake limetajwa.

La pili ni la sauti za lugha ya kwanza. Kikamba hakina sauti ya r, na kwa hiyo baadhi ya waimbaji ambao lugha yao ya kwanza ni Kikamba hutamka l mahali pa r. "Aliyeninyima kura" huweza kusikika "aliyeninyima kula", na malalamiko ya mgombea yakawa malalamiko ya mwenye njaa. Si jambo la kuchekwa, kwa sababu kila jamii ya wasemaji wa Kiswahili ina hali ya namna hiyo. Ni jambo la kuzingatiwa na mtunzi. Mtunzi wa Kangundo anayejua nani atamwimbia aweza kuepuka kuiweka sauti hiyo katika kina, mahali ambapo sikio husubiri. Aweza pia kufanya kinyume na kuvifanya vina vya -ra na -la vikubaliane kwa sikio, ijapokuwa kwenye karatasi vitaonekana kutofautiana. Hapo mtunzi atakuwa amechagua sikio na kuliacha jicho, na ni haki yake, maadamu amefanya kwa kujua.

La tatu ni la mkazo na lahani. Kikamba ni lugha ya toni, na Kiswahili si lugha ya toni. Mtunzi wa lahani aliyezoea Kikamba anapopata maneno ya Kiswahili huona kwamba yuko huru kuipandisha na kuishusha sauti apendavyo bila ya kubadilisha maana. Uhuru huo una mpaka. Kiswahili kina mkazo, na kwa kawaida mkazo huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Katika maneno machache mkazo ndio hutenga maana: barabara yenye mkazo katika silabi ya tatu ni njia, na yenye mkazo katika silabi ya pili ni sawasawa. Lahani ikirefusha silabi isiyostahili, njia hugeuka kuwa sifa. Hata pale ambapo maana haibadiliki, neno lililokazwa vibaya husikika kama neno la mgeni, na shairi huonekana dhaifu ilhali udhaifu ni wa lahani.

Kutokana na matatizo hayo, ni dhahiri kwamba mtunzi asiyeimba hawezi kuiacha kazi yake mlangoni mwa studio. Anapaswa kuwapo wakati wa mazoezi, alisome shairi kwa sauti mbele ya mwimbaji, aonyeshe vituo na mikazo, na akubali kubadilisha neno ambalo mdomo wa mwimbaji umelikataa. Kusoma huko ni aina ya kuimba kusikosikika. Katika vyama vya Unguja kazi hii ilifanywa kwa kawaida, kwa kuwa mtunzi na mwimbaji walikuwa wanachama wa mahali pamoja. Katika albamu ya waimbaji waalikwa, ambao huenda wamekutana kwa siku chache tu, hapana budi ipangwe makusudi.

6. Jina la mtunzi

Watunzi wa zamani wa Kiswahili waliijua hatari ya kupotea kwa jina. Katika tenzi nyingi mtunzi hujitambulisha katika beti za mwisho. Hutaja jina lake au nasaba yake, mahali pake, tarehe ya kutunga, na pengine idadi ya beti ili asiyekuwa mwaminifu asiongeze wala asipunguze. Jina lilikuwa limefumwa ndani ya shairi lenyewe, na likalindwa na mizani na vina kama neno jingine lolote.

Wimbo uliorekodiwa umeuvunja ulinzi huo. Upande mmoja wa santuri ndogo ulichukua kama dakika tatu au zaidi kidogo, na ndiyo sababu nyimbo nyingi za Kenya za enzi hiyo ziligawanywa sehemu mbili, moja kwa kila upande. Shairi la beti kumi halikutoshea, ilibidi likatwe, na linalokatwa kwanza ni la mwisho. Kaseti ilileta nafasi kubwa zaidi, lakini kwa wakati huo mazoea yalikwisha kubadilika. Jina la mtunzi likahama kutoka ndani ya shairi hadi kwenye kibandiko cha katikati ya santuri, kwa herufi ndogo, ndani ya mabano, chini ya jina la wimbo. Redio haisomi mabano.

Ziko jamii zilizolitatua jambo hili bila ya karatasi. B. W. Andrzejewski na I. M. Lewis, katika kitabu chao cha mwaka 1964 juu ya ushairi wa Kisomali, walieleza kwamba mashairi ya Wasomali yalisafiri katika vinywa vya waghani walioyahifadhi kwa moyo, na kwamba ilikuwa ni desturi yenye nguvu ya sheria kwa mghani kumtaja aliyelitunga shairi kila alighanipo. Yaani mtunzi hakusikika, lakini hakuachwa. Desturi hiyo ni muhimu sana kwa hoja ya makala haya, kwa sababu yaonyesha kwamba fasihi isiyoandikwa si lazima iwe fasihi isiyo na mwenyewe.

Nchini Kenya sheria nayo imejaribu kuitenga kila haki. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huitambua kazi ya fasihi, kazi ya muziki na kazi ya sauti iliyorekodiwa kuwa ni kazi mbalimbali, na waimbaji na wapigaji wana haki zao. Chama cha Music Copyright Society of Kenya kilianzishwa mwaka 1983 kwa ajili ya kuwakusanyia watunzi malipo yao. Kwa hiyo mtunzi wa Kangundo asiyeimba anayo haki kamili mbele ya sheria. Lakini haki haiwezi kudaiwa na mtu ambaye hakuna anayejua kuwa yupo. Mzozo wa miaka mingi juu ya nani aliutunga wimbo wa Malaika, ambao Fadhili William aliurekodi na Adam Salim naye akatajwa kuwa ndiye mtunzi, watosha kuwa onyo. Wimbo ulizunguka dunia nzima, na swali la mwenyewe likabaki nyuma likibishaniwa.

Upande wa pili uko mfano wa kutia moyo. Wimbo wa taifa wa Kenya ulitayarishwa mwaka 1963 na watu watano, nao ni Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, na lahani yake ilitokana na bembelezi la Kipokomo lililopatikana kwa Mzee Meza Morowa Galana. Wimbo huo huimbwa na kila mtu, na majina hayo yamehifadhiwa. Hakuna aliyenyang'anywa wimbo kwa sababu wengine wametajwa.

7. Hitimisho

Yaliyoelezwa yanaweza kukusanywa katika kauli moja. Kiswahili kinamruhusu mtunzi kuazimisha nafsi yake kwa urahisi mkubwa, na kwa kuwa sarufi haimkumbuki, hapana budi akumbukwe na desturi. Kangundo ina desturi ya mtunzi anayeonekana na desturi ya mtunzi asiyefikiriwa. Pwani ina desturi ya mtunzi asiyesikika lakini anajulikana, ijapokuwa santuri iliidhoofisha.

Kwa mtazamo huo, albamu ya mtunzi asiyeimba si jambo la ajabu, wala si ushahidi wa mtu aliyeshindwa kuimba. Ni diwani. Albamu ya kawaida ya mwimbaji hukusanya maneno ya watunzi mbalimbali chini ya sauti moja, na albamu ya mtunzi hukusanya sauti mbalimbali juu ya maneno ya mtu mmoja. Msikilizaji anaposikia "mimi" ile ile ikipita kutoka kwa mwanamume hadi kwa mwanamke, kutoka kwa mzee hadi kwa kijana, kutoka kwa Mkamba hadi kwa mtu wa Mvita, ndipo anapoanza kutambua kwamba nyuma ya sauti hizo yuko mtu mwingine. Sauti moja humficha mtunzi, ilhali sauti nyingi zinaweza kumdhihirisha.

Kwa idara za lugha kuna wajibu wa namna tatu. Kwanza, katika kuhifadhi nyimbo, yafaa kila wimbo uandikiwe majina manne, yaani la mtunzi wa maneno, la mtunzi wa lahani, la mwimbaji na la wapigaji, hata pale ambapo majina hayo ni ya mtu mmoja. Pili, katika kufundisha, mwanafunzi azoezwe kuuliza "mimi" ni ya nani kabla ya kuieleza. Tatu, katika utafiti wa nyanjani, mtafiti anayeingia Kangundo au kwingineko asiridhike na kumhoji anayeimba, bali aulize pia ni nani aliyeyaleta maneno. Mara nyingine ataambiwa ni huyo huyo. Mara nyingine ataonyeshwa mtu aliyeketi kando, aliyeusikiliza wimbo mzima bila ya kufungua kinywa.